Pengo la Nani Hili?

Ndugu zangu katika imani, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Toka Jumamosi iliyopita nimesali Alfajiri mara saba msikitini kwetu, na mara zote saba jicho langu linakwenda kwenye nguzo ya kulia, safu ya kwanza. Pale ndipo pahala pa mzee jirani yangu. Nyumba zetu zimeungana. Ukuta wangu wa chumbani ndio ukuta wake. Wiki iliyotangulia, Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Ijumaa, siku ambayo sikumbuki kumkosa hata masika yakivunja njia, hakuja. Imamu akasema kama anavyosema kila siku, sawazisheni safu, zibeni mianya, nami nikasogea nikauziba mwanya wake. Nitawaambia na lililobaki, kwani nikilificha sina haki ya kuandika mengine: Alhamisi ile nilifurahi kupata nguzo ya kuegemea wakati wa nyiradi.

Jumamosi, saa tano za mchana, wakapanda kilima chetu wazee wawili. Mmoja ana bakora, wa pili kamshika mwenzake bega kwa sababu ana mtoto wa jicho na njia haioni vyema. Ni watu wa klabu ya askari wastaafu hapa Wete, Pemba. Wakanisalimu, wakaniuliza: "Ustadhi, jirani yako yuko wapi? Asubuhi kaitwa jina hakuitika."

Nikawajibu kwamba nadhani amevuka kwenda Unguja kwa mwanawe.

Mwenye bakora akanitazama. "Alikuaga?"

Hakuniaga. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kijana mmoja akapitia dirishani, akatufungulia, tukamkuta mzee sakafuni pembeni ya kitanda, homa imempanda, mguu umevimba mpaka goti halionekani, jagi la maji limekauka. Siku nne. Tukampeleka hospitali, na alhamdulillahi Jumatano karudi nyumbani. Nilipokwenda kumwangalia akanishika mkono, akaniambia bila ya kulaumu, na kule kutolaumu ndiko kulikonivunja: "Nilikuwa nakugongea ukuta na bakora usiku. Nakusikia unasoma. Nikajua utasikia."

Nilisikia, ndugu zangu. Nilidhani ni dirisha linalogongwa na upepo wa kusi.

Nilikuwa natayarisha darasa la Ijumaa. Nilichokuwa nikisoma ni Suratun-Naml.

Mnaijua sura hiyo. Nabii Sulayman (a.s.) anapita na majeshi yake, majini na watu na ndege, wamepangwa safu kwa safu. Wanafika kwenye bonde la sisimizi, na sisimizi mmoja anawaambia wenziwe waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Sulayman na majeshi yake bila wao kujua. Sulayman akamsikia, akatabasamu kwa maneno yake. Mfalme mwenye jeshi zima nyuma yake kamsikia sisimizi. Mimi nyumbani mwangu, peke yangu, usiku umetulia, sikuisikia bakora ya jirani, na aya hiyo iko mbele ya macho yangu.

Kisha akawakagua ndege. Akasema: mbona simwoni Hudhud, au ni katika walioghibu? Nimeisomesha aya hii zaidi ya mara nne, na kila mara nimekimbilia mbele, kwenye habari za nchi ya Saba na malkia wake na kiti cha enzi, kwani huko ndiko watu wanakopenda. Wiki hii sijaweza kuvuka hapo. Jeshi hesabu yake haijulikani, na ndege mmoja mdogo mwenye kishungi hayupo, na mwenye jeshi kaliona pengo lake. Hakungojea aambiwe. Alikagua mwenyewe.

Nilikusudia leo kuandika mambo matatu juu ya wazee wetu: kuwaheshimu, kuwatumikia, na kuwaombea dua. Mawili yatangoja. La kuwakagua limenijaa kifuani.

Wengi wa wazee wa klabu ile ni wa vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Jirani yangu alikuwa kijana wa kuchuma karafuu, akaingia jeshini, na mwishoni mwa 1978 akajikuta ukingoni mwa Mto Kagera, daraja la Kyaka limekwisha kulipuliwa. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba, ile ya sababu na nia na uwezo, anaijua kwa moyo. Kutoka hapo mpaka Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, sehemu kubwa ya njia walikwenda kwa miguu. Kanisimulia mara nyingi, na miaka hii ya karibuni nimekuwa nikimkatisha: "Naam, Ami, ulishanambia." Basi ndani ya kisa hicho mna jambo nililokuwa silisikii. Kila walipotua, usiku, taa hakuna, waliitwa majina kwa sauti ya chini. Na kila mmoja alitakiwa amjue aliye kuliani kwake na aliye kushotoni. "Hatukuulizwa kama sote tupo," aliniambia tena Jumatano, kalala, na safari hii sikumkatisha. "Tuliulizwa: wa kulia kwako yuko wapi?"

Tabia hiyo hawakuivua pamoja na magwanda. Klabu yao ni banda la matofali lenye paa la makuti, mabenchi mawili, meza ya dhumna, bao, na deli la kahawa. Kila Jumamosi kabla ya kete kuguswa, katibu hufungua daftari akaita majina. Aliyepo huitika "Nipo." Waliokwisha kufa hawakufutwa, jina likisomwa wote husema, "Kishatangulia, Allah amrehemu." Asiyeitika na hana udhuru unaojulikana, wawili huondoka hapo hapo kwenda kwake, na mchezo hauanzi mpaka warudi na habari. Wana kopo la mchango kwa ajili ya nauli ya hospitali. Kabatini mna sanda, pamba, udi na marashi, tayari, asije mzee wa watu akalazwa kusubiri duka lifunguliwe. Mara moja kwa mwezi muuguzi huja kuwapima presha. Sasa hivi wanapaka rangi banda, maana wanajitayarisha kwa Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, na wamekubaliana kusoma hitima ya wenzao waliobaki Uganda na waliokufa baadaye vitandani mwao.

Nami niliwahi kukaa mbele ya darasa nikasema kwamba wazee wetu wanamaliza umri wao kwenye dhumna badala ya kukaa msikitini. Baadhi yenu mlikuwepo. Sizungumzii hukumu ya michezo, wenye elimu wameisema na kila mtu anajua pa kuuliza. Nazungumzia kiburi changu. Nilikaa nikawahukumu watu ambao wakipotelewa na mmoja wanaacha mchezo na kupanda kilima kwa bakora, na mimi niliyekuwa msikitini sikuacha hata uradi. Naomba radhi mbele yenu, na kwao nimekwisha kwenda.

Nimemkumbuka sahaba Julaybib wiki hii kuliko wakati wowote. Kisa chake amekipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Barza. Walikuwa vitani, Mwenyezi Mungu kawapa ushindi na ngawira, na Mtume (s.a.w.) akawauliza masahaba wake: kuna mnayemkosa? Wakasema ndiyo, fulani na fulani. Akauliza tena, wakataja wengine. Akauliza mara ya tatu, wakasema hapana, hatumkosi mtu. Akasema: lakini mimi namkosa Julaybib, mtafuteni. Wakamtafuta, wakamkuta kauawa pembeni ya maadui saba aliowaua yeye. Mtume akaja akasimama kwake, akasema huyu ni wangu na mimi ni wake. Akambeba kwa mikono yake mitukufu, hana kitanda isipokuwa mikono ile, mpaka kaburi lilipochimbwa.

Masahaba hawakusema uongo waliposema hawamkosi mtu. Walihesabu, na hesabu yao ikatimia. Wenye majina walikwisha tajwa. Julaybib hakuwa na jina kubwa wala ukoo wa kumlilia hapo, na ndiyo maana hesabu ilitimia bila yeye. Mara mbili majibu yalikuja, na Mtume angeweza kutosheka. Akauliza ya tatu, kwani alikuwa na mtu wake moyoni, na katika majina yote yaliyotajwa halikuwemo la huyo.

Basi nataka niseme nasi watu wa msikiti, mimi wa mwanzo wao. Tuna daftari la mikeka. Tuna daftari la mapangaboi, tunajua lipi bovu na lini limeharibika. Sadaka ya Ijumaa tunaihesabu mbele ya mashahidi mpaka shilingi ya mwisho, na tunafanya vyema. Kiatu kikipotea mlangoni, msikiti mzima unasimama. Daftari la watu hatuna. Mtu anasali nasi miaka thelathini, bega kwa bega, na akikosekana siku nne tunasema "atakuwa amesafiri", kisha tunasogea. Sunna ya kuziba mwanya tumeishika barabara, Mwenyezi Mungu atukubalie. Tumeuziba upesi mno hata hatuulizi ulikuwa wa nani.

Nanyi vijana mnaopita pale bandani mkawaigiza wazee kwa kukohoa, nimewaona, na wazazi wenu nawajua. Mtume (s.a.w.) kasema si katika sisi asiyemhurumia mdogo wetu na asiyemheshimu mkubwa wetu. Nendeni mkawashikie brashi za rangi, makuti ya juu hawayafikii.

Lakini nisiwageukie vijana nikajisahau. Ndugu yangu, mara tano kwa siku unamaliza Sala kwa kugeuza uso kulia na kusema assalaamu alaykum warahmatullah, kisha kushoto. Umeugeuza uso wako kwa mtu. Je, umemwona? Nimetoa salamu upande wa ile nguzo Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na shingo yangu iligeuka mpaka mwisho kama nilivyofundishwa, na sikuona kwamba wa siku zote hayupo. Tafadhali, kwa haki ya undugu baina yetu, Ijumaa hii ukitoa salamu ya kulia mtazame. Ukitoa ya kushoto mtazame. Kama ni mgeni, muulize jina. Kama ni pahala pa mtu unayemjua na mtu huyo hayupo, usitoke msikitini ukaingia dukani. Pita kwake kwanza. Bisha hodi. Akiwa mzima mtacheka pamoja, utakunywa chai, hujapoteza kitu. Na usingoje siku ya tatu. Wale wazee hawakungoja hata Adhuhuri.

Na wewe mwenye mzazi wako Pemba nawe uko Unguja au bara, usimwachie mtandao wa simu kazi hii. Mpate jirani mmoja, mpe namba yako, mwambie kwa ulimi wako: nakuwekea amana ya mama yangu.

Leo Jumamosi asubuhi nilikwenda klabuni. Katibu, yule mwenye mtoto wa jicho, akanisukumia daftari akaniambia leo herufi zinamkimbia, nisome mimi. Nikasoma. "Nipo." "Nipo." "Kishatangulia, Allah amrehemu." "Nipo." Nikafika kwenye jina la jirani yangu na sauti ikanikwama. Benchi zote mbili zikanigeukia.

Nikasema: "Yupo nyumbani. Nimetoka kwake sasa hivi. Kanywa uji bakuli zima, mguu umeanza kunywea, na anauliza nani kakaa pahala pake kwenye dhumna."

"Hakuna aliyekaa," akasema mwenye bakora.

Katibu akanigongea meza kwa kidole. "Andika yupo. Soma anayefuata."