Ndoano kabla ya mapazia

Wiki ya 3 tangu tuhamie Mamboleo, Kisumu, mapazia bado yamo kwenye boksi, lakini ndoano nilijua zilipo. Jumamosi alfajiri nikashika matatu hadi mjini, kisha boda mpaka Dunga, kando ya Ziwa Victoria. Mzee mmoja pale ufuoni akatazama donge langu la ugali, akacheka: "Omera, hiyo wapelekee kuku." Akanigawia nyungunyungu. Upepo ulikuwa umesukuma gugu maji hadi miguuni petu. Mara 4 nzima nilivua majani tu! Halafu mshipi ukakazika. Ngege (tilapia), mdogo kama kiganja, nikamrudisha. Wa pili alienea sufuria. Mbuta (sangara) nawaachia wenye mashua. Mama watoto alipokea samaki, akauliza mapazia. Nikamwambia kesho.