Mama kazikwa Januari, mtoto kazaliwa Oktoba mwaka huo huo: nilivyotatua

Kama unatafuta ukoo kwenye rejista za parokia za vijijini England na tarehe zinagoma kukaa sawa, soma hii. Mume wangu kwao ni Norfolk na watoto wanataka kujua upande wa baba yao, nikashuka nao vizuri mpaka 1735 hapo ndo nikakwama, maana mama kazikwa Januari 1735 halafu mtoto wake kazaliwa na kubatizwa Oktoba 1735, jina la mama lile lile. Nikawaza labda baba alioa mke mwingine mwenye jina hilo, lakini ndoa yenyewe haipo popote.

Kilichonisaidia ni kuachana na indeksi ya mtandaoni nikafungua picha ya ukurasa wenyewe. Wino umefifia ila unasomeka: Oktoba 1735, Novemba, Desemba, halafu Januari kasisi bado anaandika 1735, Februari hivyo hivyo, mpaka mwishoni mwa Machi ndo inakuja 1736. Kumbe England enzi hizo mwaka ulianza tarehe 25 Machi, 1 Januari imeanza kutumika 1752! Kwa hiyo mama alizikwa miezi mitatu BAADA ya ubatizo, masikini, huenda uzazi ndo ulimwondoa.

Nikahakikisha na nakala ambazo parokia zilikuwa zinampelekea askofu kila mwaka, zinalingana. Sasa hivi tarehe kama hizo naziandika 1735/6 (yaani 1735 kwa hesabu yao ya zamani, 1736 kwa hesabu ya leo), nanyi fanyeni hivyo, ila za Scotland msiziguse, wao walihamia 1 Januari tangu 1600.