Kuhema si udhaifu

Tangu nihamie Iten kikazi kutoka Mombasa, pumzi imekuwa jambo la kufikiriwa kila siku. Mji huu uko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni hewani ni asilimia 21 ileile ya Nyali kule Mombasa, ila hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo kila ninapovuta, oksijeni inayoingia ni kidogo kuliko niliyoizoea. Nikipanda kilima mbio, natweta.

Kinachonigusa ni jinsi mwili usivyosubiri shida ije. Hatua za kwanza tu, pumzi zimeshaongezeka, hata kabla damu haijabadilika: ubongo ukiiamuru misuli ya miguu, papo hapo huamsha na sehemu inayoongoza upumuaji. Kisha misuli inachoma sukari na mafuta, kaboni dayoksaidi inarundikana, na shina la ubongo linadai itolewe. Wengi hudhani tunahema kwa sababu oksijeni imetuishia. Kule pwani, ni hiyo kaboni dayoksaidi hasa inayotusukuma. Huku juu, vihisio vidogo vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo navyo vinaongeza sauti yao oksijeni inaposhuka.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, karibu nusu lita kila mara. Akikimbia kwa nguvu, hewa inayopita mapafuni yaweza kuvuka lita 100 kwa dakika! Kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kinashuka zaidi, misuli ya mbavu inavuta, hata ya tumbo inasaidia kuitoa hewa nje. Hiyo ni kazi kubwa, na inafanyika bila sisi kuipanga.

Ndiyo maana inaniuma kusikia mtoto akiambiwa "huna pumzi". Mpwa wangu kule Mombasa aliambiwa hivyo na kocha wake, akaacha mpira. Kuhema kwake kulikuwa mwili unaofanya kazi yake sawasawa, ila haujazoea. Mazoezi hayakuzi mapafu ya mtu mzima kwa kiasi cha kutajika. Kinachobadilika ni moyo, unaosukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na misuli, inayoota vishipa vipya vya damu na kuitumia oksijeni vizuri zaidi. Kwa anayehamia huku, mafigo pia hutoa homoni inayouhimiza uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu nyingi zaidi, na hilo huchukua wiki kadhaa.

Jana usiku nilimpigia mpwa wangu simu. Nikamwomba aanze tena, kwa mwendo ambao bado anaweza kuzungumza na mwenzake bila sentensi kukatika, aongeze kidogo kidogo. Na akisikia kifua kinabana au kinapiga mluzi, aende kliniki kwanza apimwe, maana pumu ina dawa na wenye pumu wanacheza mpira. Ameniambia Jumamosi atashuka ufukweni na binamu zake.