Waliniambia ni damu ya kwetu, sasa feri navuka mwenyewe

Nilichoka na watu kuniambia kuhusu hofu yangu ya feri, "hiyo ni damu yenu, babako yuko hivyo hivyo, utazeeka nayo." Shangazi, majirani, kila mtu alikuwa nalo, na wallahi hakuna ushauri ulionichelewesha kama huo.

Babangu alinusurika ajali ya feri ya Mtongwe, hapa Mombasa, 29 Aprili 1994, wakafa watu zaidi ya 270. Toka siku hiyo hajakanyaga feri. Mimi sikuwemo, lakini nilipopata kazi sokoni Marikiti, ng'ambo ya maji, nikiteremka tu pale kivukoni Likoni na ule umati moyo unadunda, pumzi zinakata, vidole ganzi, narudi mbio nyumbani.

Binamu yangu akasema dawa ni kuingia tu. Akanishika mkono asubuhi saa ya watu wa kazini, wale watu wamebanana mpaka huoni maji, lango likafunguliwa tukasukumwa, nikamponyoka nikapita katikati ya mikokoteni na wamama wa mboga huku nalia, na nyumbani sikulala usiku ule. Basi hofu ikazidi. Usikubali mtu akuburure hivyo!

Kaunsela ndiye alinifungua macho (elfu na kitu kila nikienda, mara nyingine akinipunguzia). Akasema jeni, yaani kile unachorithi kwa wazazi, zina mkono wake, ndiyo. Kuna utafiti wa 1993 wa mapacha wa Marekani waliokuwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, ukaonyesha jeni zinachangia mpaka kama theluthi moja ya tofauti za dalili za kiwewe (ile hofu inayobaki baada ya tukio baya) kati ya mtu na mtu. Sasa kwingine kote je? Zaidi ni yaliyokupata wewe mwenyewe maishani. Na mimi nimelelewa na baba ninayempenda sana, ambaye honi ya feri ikilia anafunga madirisha na kutukusanya chumba kimoja. Hofu hiyo nilifundishwa kabla sijajua kusoma, na mtu anaweza kufundishwa upya.

Tukaanza polepole. Kukaa juu kwenye stendi, halafu kushuka mpaka langoni, halafu kuvuka mchana watu wakiwa wachache, na kwa miguu feri ni bure kwa hiyo hakuna gharama. Ujanja ulionisaidia ni biro. Kila baada ya muda naandika kiganjani hofu ni ngapi kwa kumi, na siondoki mpaka ishuke. Siku ya kwanza kuvuka kiganja kilisoma 9, 9, 8, 8, 6, jasho limefuta nusu ya wino, halafu ng'ambo nikaandika 4. Ukikimbia kwenye 9 mwili unajua kukimbia ndiko kulikokuokoa, ukibaki unaona inashuka yenyewe. Kahawa tungu niliacha siku za mazoezi, manake inadundisha moyo ukadhani imeanza tena.

Sasa navuka asubuhi na jioni, saa ya umati. Baba bado hajakubali kwenda kwa kaunsela na simlazimishi, yeye aliyaona kwa macho yake, lakini juzi aliniuliza kile kiganja naandikaje.