Siku Moja Maishani Mwangu: Kimeng'enya cha Ubongo Kisichotoka Kwenye Ubongo

Watu wakisikia kwamba natengeneza kimeng'enya cha ubongo wa binadamu, huniuliza kwanza ubongo wenyewe ninaupata wapi. Hakuna ubongo. Kuna jeni ya binadamu iliyopandikizwa ndani ya bakteria aina ya Escherichia coli, na bakteria hao ndio wanaonitengenezea kreatini kinasi ya aina ya ubongo, inayouzwa kwa majaribio ya maabara tu. Ubongo hauzidi sana asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, na kimeng'enya hiki husaidia kuirudisha ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, haraka pale inapopungua.

Saa 1:30 asubuhi nilikuta chupa za bakteria zimetikiswa usiku kucha katika nyuzi 18, kwa kuwa kwenye joto kubwa protini hutengenezwa kwa pupa, ikajikunja vibaya na kuganda. Niliwazungusha bakteria kwenye mashine mpaka wakatuama, nikawapasua kwa mawimbi ya sauti juu ya barafu, nikazungusha tena.

Saa 4:00 majimaji hayo yalianza kupita kwenye mrija wenye chembe za nikeli. Protini yetu imeungwa mkia wa asidi amino sita za histidini unaoshika nikeli, na nyingi za zile nyingine hupita zikamwagwa. Chembe hizo huwa za samawati iliyofifia. Juzi nilizikuta zimegeuka kahawia kwa sababu mwenzangu alitia DTT nyingi, kemikali ya kuzuia protini isioksidishwe, kabla ya wakati wake, na sikumsemesha mpaka jioni.

Saa 5:20 simu ililia. Mtafiti mmoja aliyenunua kimeng'enya cha toleo la mwezi uliopita alisema, bila hata salamu, kwamba tumemuuzia maji. Nilimwomba radhi kwa usumbufu, nikatoa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kichupa cha akiba cha toleo hilohilo, nikakiyeyusha juu ya barafu na kukipima. Kipimo chenyewe ni cha kuzunguka: kimeng'enya huchukua fosfati kutoka kwenye fosfokreatini na kuipa ADP, yaani ATP iliyopungukiwa fosfati moja, iwe ATP, vimeng'enya viwili vya kusaidia huitumia ATP hiyo pamoja na glukosi, na mwishowe hupatikana NADPH, inayofyonza mwanga wa nanomita 340. Mstari kwenye skrini ulipanda umenyooka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Nikampigia. Akasema basi chake kiliharibikia njiani. Nikamuuliza kama kilifika kikiwa na barafu kavu, kilifika nayo. Nikamuuliza kama anakigandisha na kukiyeyusha kila mara. Hapana, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka kuhojiwa. Ilikuwa simu ya tatu ndipo aliponisomea bafa yake, yaani mchanganyiko wa majimaji anaopimia, kiambato kwa kiambato: EDTA, kemikali inayonasa metali, ilikuwamo, magnesiamu haikuwamo hata chembe. Kimeng'enya hiki hufanya kazi na ADP iliyoshikana na magnesiamu, na EDTA hunyakua hata ile kidogo iliyosalia.

"Ongeza magnesiamu, Daktari, milimola 10 kwa lita."

Kimya. Kisha: "Nitaangalia," na simu ikakatwa.

Wakati huo wote bafa ya kuoshea ilikuwa imekwisha na mrija umeingia hewa. Nilianza kuosha upya, tone kwa tone, huku nimesimama, maana ukikaa unasinzia. Sikuangalia saa tena. Baadaye imidazoli, kemikali inayochukua nafasi ya ule mkia kwenye nikeli, iliitoa protini, na kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa ukaonekana mstari mmoja mnene karibu na uzito wa daltoni 43,000, safi kuliko toleo lililopita, jambo ambalo hakuna mteja atakayepiga simu kulisifu. Hapo ndipo nilipotia DTT, kwa sababu sehemu tendaji ya kimeng'enya ina sisteini, asidi amino ambayo ikioksidishwa nguvu hupotea.

Nje kulikuwa giza nilipofungua barua pepe. Mtafiti alikuwa ameandika maneno matatu: "Sasa kinafanya kazi." Niliinakili namba ya toleo kwenye daftari, nikarudi kuosha chupa.