Mungu Mkuu Kuliko Mawazo Yetu: Tafakari juu ya Hoja ya Mtakatifu Anselm

Tumsifu Yesu Kristo. Masomo ya kutusindikiza wiki hii ni Zaburi ya 14 na 1 Timotheo 6:11–16.

Zaburi ya 14 inaanza na mtu anayesema neno ndani kwa ndani: “Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu.” Mtunzi wa zaburi hamjibu kwa hoja. Anageuka mara moja kuyatazama matendo yake na ya wenzake, wale wanaowala watu wa Mungu kama walavyo mkate, kwa kuwa upumbavu anaouzungumzia ni wa maisha kabla ya kuwa wa fikra. Karne nyingi baadaye, mmonaki wa Kibenedikto katika abasia ya Bec, huko Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, aliuchukua mstari huohuo na kumpa mpumbavu heshima ambayo zaburi haikumpa: alimkalisha, akamsikiliza, kisha akamjibu.

Huyo alikuwa Mtakatifu Anselm. Alizaliwa mwaka 1033 mjini Aosta, katika nchi ambayo leo ni Italia, akaingia utawani Bec mwaka 1060, akawa abati mwaka 1078, na mwaka 1093 akafanywa Askofu Mkuu wa Canterbury, ambako ugomvi na wafalme wawili wa Uingereza ulimpeleka uhamishoni mara mbili. Alifariki tarehe 21 Aprili 1109, na ndiyo siku ambayo Kanisa humkumbuka. Lakini jambo tunalolitafakari ni la miaka ya Bec, alipokuwa akiwalea na kuwafundisha watawa vijana. Hao ndio waliomwomba awaandikie tafakari juu ya Mungu isiyoegemea mamlaka ya Maandiko bali nguvu ya hoja peke yake. Akawaandikia kitabu kiitwacho Monologion, kisha akakiangalia na kuona kwamba hoja zake ni nyingi na zinategemeana mno. Akaanza kujiuliza kama haiwezi kupatikana hoja moja tu, isiyohitaji nyingine ya kuishikilia.

Kilichofuata kimesimuliwa na Eadmer, mtawa wa Canterbury aliyeishi naye na kuandika habari za maisha yake. Wazo hilo lilimnyima Anselm hamu ya kula, kunywa na kulala, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba lilimvuruga hata wakati wa sala za pamoja, kiasi cha kulishuku kuwa ni kishawishi cha shetani. Akajaribu kulifukuza, kadiri alivyolifukuza ndivyo lilivyomng’ang’ania. Kisha usiku mmoja, wakati wa sala ya kesha, neema ya Mungu ikamwangazia moyoni, jambo likawa wazi, na furaha ikamjaa. Aliliandika kwenye vibao vya nta, akamkabidhi mmoja wa ndugu amtunzie. Siku chache baadaye akaviulizia, navyo havikuonekana. Akaandika upya kwenye vibao vingine, akampa mtawa yuleyule, ambaye safari hii aliviweka karibu na kitanda chake, mahali pa siri zaidi. Kesho yake akavikuta vimetawanyika sakafuni na nta imemeguka vipande vipande. Anselm aliletewa vile vipande, akavipanga kwa shida mpaka maandishi yakasomeka, ndipo akaamuru yanakiliwe kwenye ngozi yasije yakapotea kabisa. Hivyo ndivyo tulivyopata Proslogion, kitabu kidogo cha sura 26 kilichoandikwa kati ya mwaka 1077 na 1078.

Hoja ambayo leo hufundishwa vyuoni kama fumbo la mantiki ilizaliwa katikati ya sala, na hilo ndilo ambalo wengi wanaoijadili hawalioni, pengine kwa sababu vitabu vya falsafa hunukuu sura ya 2 hadi ya 4 na kuziacha nyingine zote. Sehemu kubwa ya Proslogion inasemwa kwa Mungu, si kumhusu Mungu. Katika sura ya kwanza Anselm anaialika nafsi yake iache shughuli zake kwa kitambo, iingie katika chumba cha ndani na kufunga mlango, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 6:6, kisha iseme pamoja na Zaburi ya 27: “Bwana, uso wako nitautafuta.” Anakiri kwamba aliumbwa ili amwone Mungu, na kwamba bado hajalitenda lile aliloumbiwa. Tena anasema waziwazi, kabla ya hoja kuanza, kwamba hatafuti kufahamu ili apate kuamini, bali anaamini ili apate kufahamu. Kwa hiyo anayedhani kwamba imani ya Anselm iliegemea hoja yake, na kwamba hoja ikitikisika imani nayo inaanguka, hajamsoma.

Hoja yenyewe, nikiieleza kwa maneno yangu, ni hii. Tunasadiki kwamba Mungu ndiye kile ambacho akili haiwezi kufikiria kikuu kuliko hicho. Mpumbavu anaposikia maneno hayo anayaelewa, hata kama anakana kwamba kitu hicho kipo. Basi angalau kimo katika akili yake. Ni kweli kwamba kuwamo akilini si sawa na kuwapo: mchoraji anayewaza picha atakayoichora anayo akilini, naye anajua kwamba bado haipo mpaka aichore. Lakini tuseme kile kisichoweza kuzidiwa kimo akilini tu na si mahali pengine. Hapo tunaweza kukifikiria kuwa kipo pia kwa hakika, jambo ambalo ni kuu zaidi, na hivyo kisichoweza kuzidiwa kitakuwa kimezidiwa. Hilo linajipinga lenyewe. Kwa hiyo kipo akilini, na kipo kwa hakika.

Sura ya tatu inaendelea mbele zaidi, nami naiona kuwa nzito kuliko ya pili. Kila kingine tunachokijua chaweza kufikiriwa kuwa hakipo. Milima, mataifa, wewe na mimi, tungeweza kabisa tusiwepo, na kulikuwa na wakati ambapo hatukuwapo. Kitu kinachoweza kukosekana ni kidogo kuliko kile kisichoweza kukosekana, na kwa sababu hiyo Mungu hawezi hata kufikiriwa vyema kuwa hayupo. Mara anapofika hapo, Anselm anaiacha lugha ya darasani na kumgeukia anayezungumza naye: nawe ndiwe huyo, Bwana Mungu wetu. Ni vigumu kuyasoma maneno hayo bila kusikia yaliyosemwa kichakani katika Kutoka 3:14, “MIMI NIKO AMBAYE NIKO.”

Vijana wetu katika jumuiya huuliza, na wana haki ya kuuliza: kama kila kitu kina aliyekifanya, Mungu alifanywa na nani? Wengi wetu huwanyamazisha. Sura hii fupi ingetosha kuwajibu kwa heshima. Anayeuliza hivyo anamfikiria mmoja miongoni mwa vitu vinavyoweza kukosekana, mkubwa kuliko vyote pengine, lakini wa aina yao. Na huyo, kama angekuwapo, kweli angehitaji wa kumfanya. Tunayemwabudu si mmoja wao.

Jibu la kwanza kwa Anselm halikutoka kwa mpagani. Lilitoka kwa mmonaki mwenzake, Gaunilo wa abasia ya Marmoutier, karibu na mji wa Tours, aliyeandika andiko fupi la kumtetea mpumbavu. Tuseme, anasema Gaunilo, watu wanasimulia juu ya kisiwa kilichopotea baharini, chenye neema na utajiri kupita nchi zote zinazokaliwa na watu. Maneno hayo nayaelewa. Sasa mtu akiniambia kwamba lazima kisiwa hicho kiwepo, kwa sababu kisipokuwepo nchi yoyote iliyopo itakizidi ubora, nitadhani anafanya mzaha. Au nitashindwa kujua nani mpumbavu zaidi, mimi nikimkubalia, au yeye akidhani amethibitisha neno.

Anselm alijibu kwanza kwa kusema kwamba, kwa kuwa anayemwandikia si mpumbavu bali ni Mkatoliki anayesema kwa niaba ya mpumbavu, itatosha kumjibu Mkatoliki. Kisha akaongeza, kwa utani wa mtu asiyeudhika, kwamba akitokea wa kumwonyesha kitu kingine chochote ambacho hoja hii inakifaa, atakitafuta kile kisiwa kilichopotea na kumkabidhi, kisipotee tena. Alichokuwa akikisema ni kwamba hoja inamhusu mmoja tu. Kisiwa, hata kikiwa na minazi mingi namna gani, unaweza daima kukiongezea mnazi mmoja zaidi. Hakuna kisiwa ambacho kwa asili yake hakiwezi kuzidiwa. Na jambo ninaloliona kuwa zuri kuliko jibu lenyewe ni hili: Eadmer anatuambia kwamba Anselm alifurahi kupata ukosoaji ule, akataka uambatanishwe na kitabu chake pamoja na majibu, ili kila atakayeisoma hoja asome na pingamizi lake. Tunaowajibu wenye mashaka kwa ukali, au kwa kuwatilia shaka wokovu wao, tuna la kujifunza kwa abati huyu.

Mabishano hayakuishia hapo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, hakuikubali hoja hiyo. Alisema kwamba kuwapo kwa Mungu ni dhahiri kwa kulitazama jambo lenyewe, lakini si dhahiri kwetu sisi, kwa kuwa hatuijui asili yake. Kwa hiyo yatupasa kuanzia kwenye mambo tunayoyaona, mwendo, visababishi, mpangilio wa viumbe, na kupanda kutoka hapo, kama Mtume Paulo anavyoelekeza katika Warumi 1:20. Mwaka 1781 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant naye aliandika kwamba kuwapo si sifa inayokiongezea kitu ukuu: thaleri mia (sarafu za fedha za zama zake) zilizo mfukoni hazizidi hata kwa senti thaleri mia za kuwaziwa tu, kwa maana ya kile kinachowaziwa, ingawa mwenye nazo mfukoni anajua tofauti. Hilo ni pingamizi zito, na sidhani kwamba limepatiwa jibu la kuwaridhisha wote.

Kwa maoni yangu, hoja ya Anselm peke yake haimbebi mtu kutoka kutoamini hadi kuamini, na sijakutana na aliyebebwa nayo. Lakini hata Thoma akiwa na haki, na hata Kant akiwa na haki, maneno yenyewe yanabaki na kazi yake kwetu tunaoamini, nayo ni kazi ya kuvunja sanamu. Ikiwa Mungu ndiye ambaye akili haiwezi kufikiria aliye mkuu kuliko yeye, basi kila mungu ambaye naweza kumfikiria aliye mkuu kuliko yeye si Mungu. Waswahili husema Mungu si Athumani, nasi huitikia bila kupima tunakiri nini. Mungu mwenye upendeleo kwa kabila langu ni mdogo kuliko yule awapendaye wote, kwa hiyo siye. Mungu anayelazimika kunilipa mara kumi kwa sababu nimetoa sadaka ni mdogo kuliko yule ambaye ulimwengu wote na vilivyomo ni vyake, kama Zaburi ya 50 inavyomsema, kwa hiyo siye. Mungu anayehitaji nimtetee kwa matusi pia siye. Mara nyingi yule ambaye asiyeamini anamkana ni mmoja wa hawa wadogo, naye, kwa kiasi hicho, anakana kwa haki.

Anselm mwenyewe aliitumia kanuni hiyo katika sura zinazofuata, akiuliza Mungu ni wa namna gani. Anauliza: huyu aliye mwenyezi mbona hawezi kusema uongo? Anajibu kwamba kuweza kusema uongo si nguvu bali ni udhaifu, kwa maana anayeweza hilo anaweza kutekwa na lisilompasa. Jibu hilo lingewafaa wanaodhani ukuu wa mkubwa ni kufanya atakalo. Swali linalofuata ni gumu zaidi: kama Mungu hapatwi na maumivu, awezaje kuhurumia? Anselm anasema kwamba Mungu ni mwenye huruma kwa jinsi sisi tunavyoipata huruma yake, ingawa yeye haumii kama tunavyoumia. Nakiri jibu hili linaniacha na kiu. Linalinda ukuu wa Mungu, lakini mbele ya Yesu anayelia kwenye kaburi la Lazaro natamani Anselm angekawia kidogo pale, na najua kwamba suala la Mwana kuutwaa mwili alilishughulikia katika kitabu kingine, miaka mingi baadaye.

Katika sura ya 14 anasimama na kuiuliza nafsi yake: je, umekipata ulichokuwa unakitafuta? Ulimtafuta Mungu, umemwona kuwa ndiye mkuu kuliko vyote. Kama umempata, mbona humhisi? Mtu aliyekosa usingizi akiitafuta hoja, akaipata, sasa anaona kwamba kuwa na hoja si kuona uso. Katika sura ya 15 anaikuza kanuni yake mpaka inavuka mipaka ya akili: Bwana, wewe si tu kile ambacho hakiwezi kufikiriwa kikuu kuliko hicho, bali wewe ni mkuu kuliko kinachoweza kufikiriwa. Na sura ya 16 inatuleta kwenye somo letu la pili, ambamo Paulo anamwambia Timotheo kwamba Mungu “amekaa katika nuru isiyoweza kukaribiwa.” Anselm anasema haioni nuru hiyo, kwa kuwa inamzidi, na bado kila anachokiona anakiona kwa nuru hiyo.

Sura za mwisho hazithibitishi kitu. Zinaomba. Anselm analishika neno la Bwana katika Yohana 16:24, “ombeni, nanyi mtapata, furaha yenu iwe timilifu,” na kuomba kwamba kumjua Mungu kukue ndani yake katika maisha haya na kutimilike katika yajayo. Na kama hapa hakuwezi kutimilika, basi angalau kusonge mbele siku hadi siku, mpaka atakapoingia katika furaha ya Bwana wake.