Siku Meku alipolala ndani ya Haisi yetu

Mwaka 2018 mimi na mdogo wangu tulishachoka na kirikuu, kale ka-pikapu kadogo ka mizigo. Yaani kila tukitaka kwenda kuendesha lazima tukodi kirikuu, tufunge pikipiki mbili kwa kamba za katani, mmoja akae nyuma azishikilie zisiangukiane, afu mkifika usiku ndo mnaanza kuzunguka kutafuta gesti yenye ukuta na mlinzi wa kueleweka, mana hizi sio pikipiki za bodaboda. Yangu ni Yamaha YZ250F, yake Honda CRF250R, zote za zamani za kabureta, hazina taa, hazina plate namba, zimetengenezwa kwa ajili ya mashindano ya vumbi tu na barabarani haziruhusiwi, kwahiyo bila gari la kuzibeba hazitoki hata getini.

Tukachanga tukapata Haisi ya mzigo ya 2005, ya dizeli, viti vya mbele tu, nyuma ni bati tupu. Tukaipeleka Unga Limited, hapo hapo Arusha mjini, kwa mzee mmoja wa Kichaga tuliyekuwa tunamwita Meku, fundi wa mbao na chuma vyote, miaka ya nyuma alikuwa anafunga viti vya vifodi, zile daladala ndogo, kwahiyo Haisi anaijua mpaka kwenye mbavu zake.

Tumefika asubuhi, shikamoo Meku, marahaba wanangu, mdogo wangu akatoa karatasi aliyochora kitanda kimekaa kwa upana nyuma ya viti. Meku akaiangalia akaikunja akaiweka mfukoni.

"Pikipiki ziko wapi?"

"Ziko nyumbani Njiro, Meku."

"Kazileteni. Ubao siukati kabla sijaona kinachokaa humo."

Tukazifuata. Zilipopandishwa ndo nikaelewa yule mzee anafikiriaje. Ndani ya Haisi ile una mita 3 za urefu na mita moja na nusu na ushee za upana. Pikipiki ina kama mita 2 na sentimita 17, na usukani wake kutoka ncha hadi ncha ni kama sentimita 80. Ukiziweka mbili zote zimeangalia mbele usukani zinagombana na ncha za pembeni zinakwaruza bati. Meku akasema hii moja igeuzeni, iangalie mlango wa nyuma. Tukaigeuza, na kweli usukani wa moja ukakaa juu ya mkia wa nyingine, katikati pakabaki nafasi ya mtu kupita kiubavu. Ila mbele ya matairi zilibaki sentimita 80 tu, na mdogo wangu ni mrefu, kulala kwa upana ule wa gari angekunja miguu usiku kucha. Ile karatasi haikutoka mfukoni tena.

Meku akachukua futi akapima kitu ambacho mimi nisingefikiria kupima, urefu kutoka sakafuni mpaka chini ya usukani. Akapima mara ya pili shokapu za mbele zikiwa zimebonyezwa. Afu akasema kitanda kitakuwa viwili, kimoja kila ubavu, vya plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya skwea paipu, bomba la chuma la pembe nne, vimefungwa kwa bawaba kwenye mbavu za gari juu kidogo ya yale mabonge ya tairi la nyuma. Mchana vinasimama vimebana ukutani na usukani unapita juu yake bila kugusa, usiku pikipiki zikitoka vinashushwa, mguu wa chuma unakunjuka, vinakutana katikati. Magodoro tulikata ya inchi 4, na zile sentimita 80 za mbele ndo yanapokaa wakati wa safari, yanakuwa pia kizuizi kati ya pikipiki na migongo yetu.

Kazi ya chuma ndo niliipenda kuliko zote. Ndoano za kufungia hakuzichomelea kwenye bati la sakafu, alisema bati linachanika kama karatasi pikipiki ya kilo mia na zaidi ikivutwa kwenye breki ya ghafla. Alitoboa, akapitisha bolti mpaka chini, na kwa chini akaweka kipande cha chuma kinene kimekumbatia mwimo wa fremu. Ndoano mbili mbele ya kila pikipiki, moja nyuma. Mikanda ya racheti unaivuta mpaka shokapu za mbele zishuke kama nusu, sio kuzimaliza, na kati ya tairi na madigadi unasimamisha kipande cha mbao ili shokapu isiendelee kubonyea ukipita mashimo, mana ikibonyea mkanda unalegea, na ukiikaza mpaka mwisho safari nzima unaziua sili, zile mpira zinazozuia mafuta ya shokapu yasivuje. Kile kipande cha mbao alikichonga mwenyewe, akakilainisha kwa msasa, akakizungushia mpira wa tyubu kisikwaruze. Kitu ambacho hakuna mtu atakiona! Nilisimama namwangalia anazungusha ule mpira taratibu na kidole gumba, nikajua gari letu limeangukia mikono salama.

Afu akaja na suala la petroli. Mnalala humu na tangi limekaa humu mchana kutwa, akauliza, hewa yake inaenda wapi? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa ya kawaida, unashuka unatambaa chini, kwahiyo kufungua dirisha la juu peke yake hakusaidii. Akakata tundu la chini kabisa kwenye mlango wa nyuma, akaliwekea wavu na kifuniko cha kuteleza, na la pili juu upande wa pili ili upepo uzunguke. Na akatupa amri: kabla hamjapakia mnafunga koki ya petroli na kumwaga iliyobaki kwenye kabureta, na milango yote inakaa wazi kwanza ndo magodoro yatandikwe. Kuwasha jiko humo ndani hakutaka hata kulisikia.

Siku ya kukabidhi akashusha vitanda vyote, akatandika magodoro, akavua viatu. "Ngoja niijaribu." Akajinyoosha, akaomba tufunge mlango asikie kama kuna chuma kinalia. Tukafunga, tukatikisa gari kushoto kulia. Kimya. Tukafungua tukakuta ameshalala kweli, anakoroma, mikono kifuani. Vijana wake wa gereji wakasema msimwamshe jamani, huyu mzee saa kumi na moja za alfajiri anakuwa ameshafika hapa. Tukamwacha. Tukanunua chai na mandazi tukakaa kwenye ngazi tukimsubiri, na sikutamani kabisa aamke mapema.

Wiki ile ile, mwezi wa saba wenyewe wa baridi, tukaenda Engaruka. Mpaka Mto wa Mbu ni lami, kuanzia pale kipindi kile ilikuwa vumbi na makorongo mpaka basi. Tulisimama kukagua mikanda, imekaza vilevile. Tukaongea na mwenyekiti wa kijiji akatuonyesha eneo la wazi lisilo na malisho wala njia ya mifugo. Usiku pikipiki tumezifunga mnyororo kwenye ndoano ya kuvutia gari, vitanda chini, tundu zote wazi, na hakukuwa na harufu ya petroli hata kidogo. Shida pekee ilikuwa bati kutoa jasho alfajiri, pumzi za watu wawili na baridi ile, matone yanadondokea blanketi. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa juu ya pikipiki tayari, mlima Lengai unaonekana wote, bila kumuomba mtu lifti wala kumuamsha mlinzi wa gesti. Mdogo wangu alipiga kelele ndani ya helmeti mpaka nikamsikia juu ya injini.

Tuliporudi Meku hakuuliza safari ilikuwaje, alipanda nyuma na spana akagusa bolti moja moja. Mbili za bawaba zilikuwa zimeanza kulegea. Akazitoa, akaweka nati zile zenye plastiki ndani, hela akakataa. Kwenye paa akatubandikia sponji yenye silva kwa ajili ya lile jasho, hiyo tulilipa. Haisi tunayo mpaka leo, godoro tumeshabadilisha, zile nati hazijawahi kuguswa tena.